Kuigiza Si Kudanganya



Kuna neno moja ambalo limeharibika mikononi mwetu, nalo ni neno "usanii". Zamani mtu akiitwa msanii ilikuwa ni sifa. Huyu anachonga, yule anachora, mwingine anaimba au anaigiza. Siku hizi fundi akichukua fedha za mteja asirudi, watu husema amefanya usanii. Kiongozi akiahidi daraja na daraja lisionekane, huo nao tunauita usanii. Kwa ufupi, msanii limekuwa jina la adabu la tapeli.

Mimi neno hili linaniudhi, na leo nataka kulitetea. Lakini sitalitetea kwa kamusi. Nitalitetea kwa maisha ya mtu mmoja, mwigizaji wa Uingereza, ambaye alifika kileleni katika kazi yake, akaiacha kwa hiari yake, akakaa bungeni miaka 23, kisha akarudi jukwaani akiwa na umri wa miaka 80. Jina lake ni Glenda Jackson. Alifariki dunia nyumbani kwake London tarehe 15 Juni, 2023, akiwa na miaka 87.

Nimemchagua yeye kwa sababu maisha yake yanatuuliza maswali mawili mazito. La kwanza: je, mtu ambaye kazi yake ni kujifanya mtu mwingine anaweza kuaminiwa na kazi ya umma? La pili: je, aliyejaliwa kipaji kikubwa ana haki ya kukiweka kando?

Bibi Jackson alizaliwa tarehe 9 Mei, 1936, katika mji wa Birkenhead, ng'ambo ya mto Mersey ukitokea Liverpool. Baba yake alikuwa mwashi. Mama yake alifanya kazi dukani na kusafisha nyumba za watu. Walizaliwa watoto wanne, wote wa kike, na yeye ndiye mkubwa. Kwa hiyo, msikilizaji, usidhani tunazungumza juu ya binti wa kitajiri aliyeingia sanaa kwa kuchoshwa na raha. Huyu alikuwa mtoto wa kabwela hasa.

Aliacha shule akiwa na miaka 16 akaajiriwa katika duka la dawa, ambako alifanya kazi miaka miwili. Jioni alikwenda kuigiza na kikundi cha ridhaa cha mtaani. Hapo ndipo alipogundua kwamba kuna jambo moja analoliweza. Akaomba nafasi katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa ya Maigizo kilichoko London, akapata pamoja na fedha za kumsomesha. Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya 1950. Uingereza baada ya vita ilikuwa imeanza kulipia masomo ya watoto wa maskini, na yeye aliitaja neema hiyo mpaka uzeeni.

Lakini chuo hakikumpa ahadi tamu. Mwenyewe alisimulia kwamba aliambiwa asitarajie kazi ya maana kabla ya kutimiza miaka 40, kwa kuwa hakuwa na sura ya kimwana wa sinema. Na kweli, miaka ya mwanzo ilikuwa ya shida. Alizunguka na vikundi vidogo vya mikoani, na kazi zilipokosekana alifanya vibarua, hata vya kuhudumia mezani. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Yeye aliinama kwa miaka kadhaa.

Bahati ilimjia mwaka 1964. Wakati huo alikuwa katika kampuni ya maigizo ya Royal Shakespeare, na mwongozaji mashuhuri Peter Brook alikuwa akitafuta waigizaji wasioogopa kujaribu mambo mapya. Akampa nafasi katika mchezo wa Peter Weiss ambao watu wameuzoea kwa jina la Marat/Sade. Mchezo huo unahusu wagonjwa wa akili walio katika nyumba ya wagonjwa huko Ufaransa, ambao nao wanaigiza mchezo wao juu ya kuuawa kwa mwanamapinduzi Marat. Jackson alikuwa mgonjwa mwenye maradhi ya kusinzia, na mgonjwa huyo ndiye aliyepewa nafasi ya Charlotte Corday, mwanamke aliyemchoma Marat kisu mwaka 1793. Yaani alicheza watu wawili kwa mara moja, mmoja ndani ya mwingine. Mchezo ulipelekwa New York, na mwaka 1967 ukafanywa sinema.

Tangu hapo ikawa mvua ya mafanikio. Mwaka 1969 alicheza katika sinema ya Women in Love iliyoongozwa na Ken Russell, ikampatia tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kike. Mwaka 1971 televisheni ya BBC ilionyesha mchezo wa sehemu sita juu ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, yule aliyetawala tangu mwaka 1558 hadi 1603. Jackson, aliyekuwa na umri wa miaka ya thelathini na kitu, alimcheza malkia huyo tangu akiwa msichana hadi kifo chake akiwa kikongwe wa miaka 69. Alinyoa nywele za mbele ya kichwa ili paji lake la uso lifanane na la malkia. Kazi hiyo ilimpatia tuzo mbili za Emmy huko Marekani.

Mwaka huo huo wa 1971 alikubali kuonekana katika kipindi cha vichekesho cha Morecambe na Wise, akamcheza Cleopatra kwa mzaha. Wako waliodhani anajishusha. Lakini mwongozaji mmoja, Melvin Frank, alikitazama kipindi hicho, akaona kwamba mama huyu mwenye uso mkali anajua kuchekesha. Akamwita katika sinema ya A Touch of Class ya mwaka 1973. Ikampatia Oscar ya pili.

Katika sherehe zote mbili za kutoa Oscar, mwenye tuzo hakuwapo. Sanamu hizo alimpa mama yake, na mama akawa anazisugua na kuzing'arisha kila mara mpaka rangi ya dhahabu ikabanduka, chuma cha ndani kikaonekana. Bibi Jackson alipenda kulisimulia jambo hilo, akisema ndivyo zilivyo tuzo zenyewe: nje dhahabu, ndani chuma cha kawaida. Mimi naona pia kwamba mama aliyesafisha nyumba za watu maisha yake yote hakujua namna nyingine ya kuonyesha fahari yake kwa mwanawe ila kusugua.

Sasa tufike kwenye njia panda.

Mwaka 1979 Bibi Margaret Thatcher aliingia madarakani. Serikali yake ilipunguza mkono wa dola katika uchumi, ikauza mashirika ya umma na kupambana na vyama vya wafanyakazi. Wako waliomshukuru na wapo wanaomshukuru hadi leo. Glenda Jackson hakuwa mmoja wao. Aliona London watu wakilala milangoni mwa maduka, aliona shule zikikosa vitabu, na aliamini kwamba ubinafsi uliokuwa ukihesabiwa dhambi sasa unahubiriwa kama fadhila. Alisema yuko tayari kufanya jambo lolote lililo halali ili serikali ile iondoke.

Watu wengi husema maneno kama hayo, hasa wakiwa mezani na chai mbele yao. Yeye alikwenda kwenye tawi la chama cha Labour akaomba kugombea. Aprili 1992 alichaguliwa kuwa mbunge wa Hampstead na Highgate, kaskazini mwa London, jimbo ambalo kwa miaka mingi lilikuwa la chama cha Conservative. Uchaguzi wa Waingereza unafanana na tunaoujua sisi: jimbo moja, mbunge mmoja, mwenye kura nyingi ndiye mshindi. Chama chake kilishindwa nchi nzima mwaka huo, lakini yeye alishinda.

Alikuwa na miaka 55. Na hapa, msikilizaji, ndipo ninapomvulia kofia. Aliacha uigizaji kabisa. Kwa muda wote wa ubunge wake, miaka 23, hakupanda jukwaani wala hakucheza sinema. Tunawafahamu watu wanaoingia siasa na huku biashara zao zikiendelea upande wa pili, na pengine zikinawiri zaidi. Wazee walituambia cheo ni dhamana. Yeye alikichukua cheo kama mtu aliyeajiriwa, akaenda kazini.

Je, alifaulu? Nitasema ukweli, maana sikuja hapa kumtungia utenzi wa sifa. Katika ngazi za madaraka hakufika mbali. Tony Blair aliposhinda mwaka 1997 alimfanya waziri mdogo katika wizara ya uchukuzi. Mwaka 1999 alijiuzulu ili atafute nafasi ya kugombea umeya wa London, cheo kipya wakati huo. Katika mchujo wa chama alishika nafasi ya tatu. Baada ya hapo hakuwa waziri tena.

Hata hivyo, mbunge hapimwi kwa uwaziri peke yake. Machi 2003, serikali ya chama chake mwenyewe ilipoliomba Bunge likubali vita vya Iraq, Bibi Jackson alipiga kura ya kukataa. Kuipinga serikali ya wapinzani wako ni kazi rahisi. Kuipinga ya kwako, mbele ya kiongozi aliyewahi kukupa uwaziri, ni jambo jingine. Mwaka 2010 mipaka ya jimbo ilibadilishwa, na alishinda kwa kura 42 tu. Kura arobaini na mbili, ndugu zangu! Ni watu wa kujaa basi moja. Wale tunaosema kura yangu moja itasaidia nini, tukumbuke basi hilo.

Kisha likaja jambo lililowagawa Waingereza. Bibi Thatcher alifariki tarehe 8 Aprili, 2013. Siku mbili baadaye Bunge lilikutana kumkumbuka. Wabunge wengi, hata wa upinzani, walisema maneno ya staha. Bibi Jackson alisimama, akiwa na miaka 76, akaeleza kwa sauti ile ile iliyojaza kumbi za maigizo yale aliyoyaona katika jimbo lake na nchini miaka ya Thatcher: hospitali, shule, watu wasio na makazi. Wabunge wa upande wa pili walizomea. Mmoja wao alilalamika kwa Spika kwamba utaratibu umevunjwa. Spika akajibu kwamba hakuna kilichovunjwa.

Najua wengi wenu mnatikisa vichwa. Sisi mila zetu zinakataza kumsema marehemu vibaya. Tukienda msibani tunataja mema, mabaya tunamwachia Mungu. Mimi nami nimelelewa hivyo, na katika mazishi nisingependa kusikia hotuba kama ile. Lakini Bunge si kaburini. Watu waliokutana pale walikuwa wanaandika historia ya utawala wa miaka 11, katika kitabu rasmi cha nchi. Kama wote wangesifu, wale waliolala milangoni mwa maduka wangekuwa hawakuwapo. Mtu mmoja alikataa wafutwe. Unaweza usipende lugha yake, lakini huwezi kusema alikuwa anaigiza. Aliyekuwa akiigiza siku ile ni yule aliyesifu asichokiamini.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Mwigizaji anapopanda jukwaani, mimi na wewe tunajua kwamba yeye si malkia. Amekwisha kutuambia: nimelipwa kumcheza malkia, kaa utazame. Hajamdanganya mtu. Kazi yake ni kutufikisha kwenye ukweli wa yule malkia, hofu yake, ukaidi wake na upweke wake, kwa njia tusiyoweza kuipata kwa kusoma tarehe za kutawazwa kwake. Tapeli anafanya kinyume. Anatuficha kwamba anaigiza, na mwisho wa mchezo wake si ukweli bali ni mfuko wako. Vipi watu wawili walio mbali hivyo tuwape jina moja?

Bibi Jackson aliondoka bungeni mwaka 2015. Angeweza kupumzika, akanywesha maua yake. Mwaka ule ule alirudi kazini, na alianza na chombo hiki hiki tunachokitumia sasa, redio. BBC ilikuwa ikitangaza michezo iliyotokana na vitabu vya Mfaransa Émile Zola, naye akapewa nafasi ya bibi wa ukoo, mwenye umri wa miaka 104.

Mwaka uliofuata, 2016, alipanda jukwaa la ukumbi wa Old Vic, London, baada ya kukaa mbali na jukwaa kwa takriban miaka 25. Hakuchagua mchezo mwepesi. Alicheza King Lear ya Shakespeare, yeye mwenyewe akiwa mfalme. Sisi wa Afrika Mashariki tunamjua Shakespeare angalau kwa tafsiri za Mwalimu Nyerere za Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. King Lear ni habari ya mfalme mzee anayetaka kuwagawia nchi binti zake watatu, na anawaambia kila mmoja aseme anavyompenda. Wawili wanamwaga maneno matamu wanapata nchi. Wa tatu, ambaye ndiye anayempenda kweli, anakataa kupamba, ananyang'anywa fungu lake. Baadaye wale wenye maneno matamu wanamwacha mzee nje, katika mvua na radi.

Hebu litazameni jambo hili. Mtu aliyekaa miaka 23 katika nyumba ambayo maneno matamu ni sarafu ya kila siku, anatoka na kuucheza mchezo unaosema kwamba maneno matamu yanaua. Ni mchezo wa zaidi ya saa tatu, na mzigo wote uko juu ya mfalme. Bibi mwenye miaka 80 aliubeba usiku baada ya usiku.

Watu walimwuliza, mwanamke atamchezaje mfalme? Alijibu kwa jambo alilolipata si chuoni bali katika ubunge. Alisema alipokuwa akizitembelea nyumba za wazee jimboni, aliona kwamba kadiri watu wanavyozeeka, ile mipaka mikali ya mwanamume na mwanamke huanza kufifia. Basi mzee ni mzee.

Nadhani hapo tumepata jibu la swali letu la pili. Wapo waliosikitika kwamba miaka 23 ya kipaji ilipotea. Haikupotea. Alipokuwa akiwasikiliza wazee katika nyumba zao, wapangaji waliotishiwa kufukuzwa na akina mama wasio na mahali pa kulala, alikuwa anasoma. Aliporudi jukwaani aliwaleta wote. Mwaka 2018 alipata tuzo ya Tony huko New York kwa mchezo wa Three Tall Women wa Edward Albee, ambamo alimcheza bibi kizee anayekaribia kufa. Desemba 2019 alionekana katika BBC akimcheza bibi anayepoteza kumbukumbu na huku anamtafuta rafiki yake, katika Elizabeth Is Missing. Kazi hiyo nayo ilipata tuzo. Sinema yake ya mwisho, The Great Escaper, aliicheza pamoja na Michael Caine, ambaye walikuwa wamecheza pamoja tangu mwaka 1975. Ilionyeshwa Oktoba 2023, yeye akiwa amekwisha kufariki.

Tunajifunza nini? Kwanza, kwamba kipaji bila kazi ni mbegu bila shamba. Huyu hakuokotwa na bahati. Alitoka duka la dawa, akahudumia meza, akasubiri. Vijana wetu wanaotaka kuwa nyota kwa wimbo mmoja walifikirie hilo.

Pili, msanii anayetaka siasa asizuiwe na asichekwe, bali aulizwe swali moja tu: uko tayari kuiacha jukwaani ile makofi? Hapa kwetu nako wanamuziki wamekwisha kuingia bungeni. Wapimwe kwa hilo. Anayekuja kutafuta ukumbi mkubwa zaidi wa kushangiliwa, tumrudishe kwenye ngoma yake. Anayekuja kufanya kazi, tumpe jembe.

Tatu, serikali inapomlipia mtoto wa mwashi masomo ya sanaa, haitupi fedha. Huenda inamsomesha mtu ambaye baadaye ataisema serikali yenyewe ukweli usoni. Serikali yenye akili inaihesabu hiyo kuwa faida.

Na mwisho, turudishe heshima ya neno letu. Mtu akikuibia, mwite mwizi. Akikuahidi asitimize, mwite mwongo. Maneno hayo yapo, ni ya Kiswahili safi, na hayajachakaa. Lakini usimwite msanii. Jina hilo lina wenyewe, na wenyewe wanalitolea jasho.